Kampuni ndogo ikachote wapi ujuzi wa mbali

Kampuni ya watu watano ya Kisumu au Dar es Salaam, tuseme inatengeneza pampu ya sola inayolipiwa kwa simu, hukimbilia kutafuta mshirika Ulaya au China kabla haijajua itamuuliza nini. Anzeni na hataza (patent), yaani hati za kulinda uvumbuzi. Kuzisoma ni bure, na wengi hawazigusi kwa kudhani ni mambo ya mawakili.

Ingia Espacenet, ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, au PATENTSCOPE ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani; zote ni hifadhi za hataza mtandaoni. Ukitafuta kwa maneno ya kawaida utazama kwenye maelfu ya matokeo, kwa hiyo tumia alama za uainishaji: H02J 7 ni saketi za kuchaji betri, G01F ni vipimo vya ujazo na mtiririko. Chagua chache, anza na michoro, kisha maelezo, maana humo ndimo mvumbuzi husema miundo ya awali ilishindwa wapi. Madai ya hataza ndiyo mpaka wa ulinzi, yasome polepole.

Hataza hudumu miaka 20 tangu kuombwa, mradi ada zilipwe, tena katika nchi ilikosajiliwa tu. Ya Ujerumani pekee haikuzuii kuuza Mwanza. Usishangilie bado: pekua rejista ya nchini mwako (KIPI kwa Kenya, BRELA kwa Tanzania Bara) na ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kikanda la Afrika kule Harare, ambako ombi moja laweza kugusa nchi kadhaa. Na maombi mapya hukaa miezi 18 hivi kabla ya kuchapishwa, hayo huyaoni.

Jina la mvumbuzi limo kwenye hataza; mwandikie. Barua ya “tunaomba ushirikiano” huishia kapuni. Uliza hivi: “Betri yetu ya lithiamu, aina ya LiFePO4, ya volti 12.8 hufika nyuzi 55 ndani ya boksi saa nane mchana. Ninyi mlikata chaji kwenye nyuzi ngapi, na kwa nini?” Mhandisi hupenda swali la namna hiyo. Ila kama nanyi mnakusudia kuomba hataza, msimwage ubunifu wenu kabla ya kuwasilisha ombi. Katika nchi nyingi uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hauhesabiki kuwa mpya.

Kisha vipuri. Modemu ya 2G, kifaa cha kuiunganisha pampu na mtandao wa simu, iliyotengenezwa kwa bendi (masafa) za Marekani pekee, MHz 850 na 1900, itawaka vizuri huku na isishike mtandao kamwe, kwa sababu kwetu ni 900 na 1800. Agiza moja, ifungie kwenye boksi lenyewe, iache juani wiki nzima, ndipo uagize mia.