Muulize Fundi wa Sauti: Besi iko mlangoni, kwenye kochi haipo

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua homthieta ya mtumba, spika tano na sabufa yake. Dukani muuzaji alipiga singeli, meza ikatetemeka, nikalipa. Nyumbani nikiweka muvi ya vita, mimi kwenye kochi besi siisikii, lakini mke wangu akisimama mlangoni anasema moyo unamdunda. Nikiongeza sauti dirisha linalia na maneno ya waigizaji yanamezwa. Sebule ina mita 4 kwa 3, mlango uko pembeni, kochi liko katikati. Nijaribu muvi gani yenye besi kubwa nijue kama nimepigwa?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa maelezo haya, kabla ya kumshuku muuzaji ningeshuku kochi.

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mdundo wa hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, ambao ndiyo besi yenyewe ya mizinga na milipuko, wimbi lake lina urefu wa mita 8 hivi, yaani mara mbili ya sebule yako. Wimbi la hivyo likigonga ukuta na kurudi, linajazana kwenye kuta na pembe, na katikati ya chumba linajifuta. Wewe umekaa palepale linapojifuta, shemeji kasimama linapojazana. Kuongeza sauti hakusaidii: wewe huongezewi kitu, dirisha ndilo linaongezewa.

Kwa hiyo anza hivi. Lisogeze kochi nyuma liache katikati, kisha iweke sabufa juu yake, pale unapokaa. Piga wimbo wa dansi ambao gitaa la besi linapanda na kushuka wazi, halafu zunguka kuta kwa magoti, masikio yakiwa chini usawa ambao sabufa ingekuwa. Utashangaa: hapa noti moja inavimba, hatua moja mbele inapotea. Utakapofika mahali noti zote zinatoka kwa uzito mmoja, hapo ndipo pa kuiweka sabufa, kwa sababu sauti inasafiri vilevile wewe na sabufa mkibadilishana nafasi. Kazi hii haina gharama, na nimeona ikiokoa sabufa nyingi zilizokuwa zinakwenda kuuzwa kwa hasara.

Sasa muvi. Kwanza angalia flashi yako. Kama ni muvi iliyotafsiriwa, yenye sauti ya mtafsiri juu, usiipimie kitu. Nazipenda muvi hizo, ila nyingi hubanwa zikabaki na njia mbili za sauti, kushoto na kulia. Kwenye mfumo wa 5.1, ile 5 ni njia za spika tano na ile 1 ni njia ya pekee ya besi, na muvi inapobanwa kuwa njia mbili, mara nyingi njia hiyo ndiyo hutupwa. Unailaumu sabufa kwa chakula ambacho haikupewa. Tafuta diski halisi au faili lenye 5.1.

Mimi hutumia Master and Commander ya mwaka 2003, iliyopata Oscar ya uhariri wa sauti. Mwanzoni kuna ukungu baharini, mwanga unamulika ndani yake, kisha mizinga inafika na mbao zinapasuka. Sikiliza mzinga unavyokwisha. Besi nzuri inapiga na kuacha, na nyuma yake unasikia vipande vya mbao vikianguka na mabaharia wakiitana. Kama mngurumo unaendelea na kuwafunika wale watu, punguza sauti ya sabufa peke yake, usiguse sauti kuu, mpaka maneno yarudi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini. Singeli ya dukani inapigwa mfululizo. Ilikuonyesha sabufa inaweza kupiga, haikukuonyesha kama inaweza kunyamaza.

Vijana watakuambia ujaribu mwanzo wa Edge of Tomorrow ya 2014. Kwa homthieta ndogo acha, au weka sauti chini sana. Mawimbi yale yako chini mno, koni, ile sahani ya sabufa inayotetemeka, itarukaruka bila kutoa sauti ya maana, na unaweza kuiua kwa kuitakia mema.

Dirisha likiendelea kulia, kaza skrubu na uweke kipande cha mpira kwenye fremu. Na jirani mwambie mapema saa unayojaribu. Besi haizuiliwi kirahisi na ukuta wa tofali.

Ukishafanya yote haya na mzinga bado unakwaruza, zima umeme, weka vidole vya mikono yote miwili kwenye koni na uisukume ndani polepole. Angalia ule ukingo wake laini unaozunguka: kwenye spika za mtumba mara nyingi huoza na kupasuka, na fundi anaubadilisha. Lakini ukisikia mchakacho ndani koni inaposogea, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imehama. Hapo una haki ya kurudi dukani, na nenda na sabufa mkononi ili muuzaji aisukume mwenyewe.