Ukoga wa Tangi Jipya: Usimwage Maji Bado

Juzi usiku nimetumiwa picha tatu na kijana mmoja wa Tanga. Tangi lake la maji ya chumvi lina wiki ya sita. Mawe yameota nywele za kijani, mchanga umevaa utando mwekundu, na samaki wake wawili wamejibanza pembeni kama wageni waliokosa kiti. Chini ameandika: "Dada, nimeshindwa. Kesho namwaga maji, nauza kioo."

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Ningeweza kuapa kwamba lile tangi ni langu la miaka mitatu iliyopita.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kutoka kwangu hadi baharini ni mwendo wa dakika kumi. Siku nilipoingiza kioo cha lita 200 sebuleni, ami yangu, mvuvi mstaafu, aliniuliza: "Mwanangu, bahari imekukosea nini hata uifunge?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshajiona mjanja kuliko wote. Chumvi ya paketi ya nini na bahari ipo? Maji nikachota upande wa Tudor, mkono wa bahari unaoingia mjini, kwa sababu ni karibu, siku mbili baada ya mvua kubwa. Mawe nikaokota kwenye nyumba ya kale iliyokuwa ikibomolewa, matumbawe yale yale waliyojengea wazee wetu, mepesi na yenye matundu mazuri. Maji ya kujazia yale yanayopungua kwa joto nikatoa kisimani. Sikutumia hata shilingi, na nilijisifu mbele za watu.

Majuma ya mwanzo nayaruka. Ni kusubiri tu bakteria wazaliane, amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, igeuke nitriti, nitriti igeuke nitrati.

Wiki ya tatu likaja vumbi la kahawia. Nafuta kioo usiku, asubuhi limerudi. Hizo ni daiatomu, mwani mdogo mno, zinakula silika iliyomo kwenye mchanga mpya na maji, na ikiisha zinaondoka zenyewe. Sikujua, nikasugua hadi vidole vikachubuka. Kisha ukaja ukoga wa kijani, yaani mwani, mrefu, unapepea na mkondo wa pampu. Na Idd ilikuwa inakaribia, nimeshawaalika watu waje waone bahari ya sebuleni!

Nikaenda dukani, nikauziwa chupa ya dawa. "Mwaga kifuniko kimoja, utanishukuru." Siku ya pili mawe yakawa meupe. Nikapiga picha, nikamrushia kila mtu. Usiku wa tatu nikasikia harufu ya ufuo uliokupwa. Ukoga uliokufa ulikuwa unaoza humo humo na kumaliza hewa ya maji, na umeme nao ukakatika, pampu kimya. Alfajiri nilikuta samaki watatu kati ya wanne wamelala mchangani. Yule aliyebaki alikuwa juu kabisa, mdomo umegusa uso wa maji, mashavu yanapanda na kushuka.

Muuzaji aliniambia: "Labda ulizidisha." Sikuzidisha. Nilipima kwa kifuniko chake mwenyewe. Hadi leo nikipita pale natazama upande wa pili wa barabara.

Aliyenifungua macho ni ami. Alikuja kunipa pole, akalizunguka tangi, akasema kwamba enzi zao miamba ilikuwa safi kwa sababu samaki wala mwani, tafi, kangaja na pono, walikuwa wakiichunga mchana kutwa. Walipovuliwa sana, mwani ukapanda juu ya matumbawe. "Wewe umelima shamba ukatia na mbolea. Mbuzi wako wako wapi?"

Mbuzi nilielewa. Neno mbolea ndilo lililoninyima usingizi. Nikaagiza vipimo, nikaanza na kisima. Nitrati, chakula cha mwani, miligramu 40 kwa lita! Visima vya mjini viko jirani na mashimo ya vyoo, sijui nilitegemea nini. Piga hesabu nami: tangi langu linapoteza lita 3 kwa siku, ni lita 90 kwa mwezi, ni miligramu 3,600, na ukizigawanya kwa lita 200 unapata 18 kwa kila lita. Maji yanaruka na joto, nitrati haitoki. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa natia samadi kwa mkono wangu. Yale mawe nayo nililoweka moja kwenye ndoo ya maji safi kwa wiki nzima, nikapima, fosfati, mbolea nyingine ya mwani, ikapita miligramu 0.5 kwa lita. Mimi naitaka isizidi 0.1.

Kwa hiyo kijana wangu wa Tanga, usinunue chupa. Anza na maji. Ya kujazia yawe ya kuchujwa kwa osmosisi, yaani kusukumwa kwenye utando unaozuia madini, na kipimo cha madini kisome 0 au karibu yake. Maji ya kunywa ya dukani mara nyingi hurudishiwa madini, yapime pia. Ya bahari chota upande wa bahari kuu, maji yamejaa kabisa, si baada ya mvua na si kwenye mkono wa bahari unaopokea uchafu wa mji. Badilisha asilimia 10 kila wiki. Taa iwake kwa muda wa saa 8 kwa siku, basi, na tangi lisikae dirishani. Chakula mara moja kwa siku, na kile cha barafu kisuuze kwanza. Nywele za kijani zing'oe kwa mkono, zitoke nje ya tangi. Ule utando mwekundu si mwani hata kidogo, ni bakteria, na unapenda pembe ambazo maji yamelala. Uvute kwa mpira wa maji, kisha geuza pampu ielekee hapo. Halafu badilisha maji. Nimeshasema? Nasema tena.

Mbuzi wa tangi dogo ni konokono wa baharini. Nilianza na 12. Kangaja usimtie, lita 200 kwake ni jela. Wala usikimbilie kushusha nitrati na fosfati hadi sifuri, maana hapo huja dainoflajelati, makamasi ya kahawia yenye mapovu, na huo ni msiba mwingine kabisa.

Mawe yangu yalikaa miezi miwili kwenye pipa lenye kifuniko, nikiyabadilishia maji kila wiki ili fosfati itoke. Mkiambiwa miezi miwili mnaguna. Mnataka bahari kwa wiki mbili, kisha mnalaumu samaki, mnalaumu taa, mnalaumu jicho la jirani. Mimi sasa nina mwaka wa pili kioo ni safi, na yule samaki aliyenusurika ndiye anayepokea wageni. Shemeji aliyenicheka mbele ya watu siku ile ya Idd, mwezi jana ameniomba nimpangie la kwake. Nimemwambia nitafikiria.

Asubuhi kijana amejibu. Maji ya kujazia anatoa kisimani. Nimemwambia apime kwanza, kisha anitumie namba, si picha. Mimi nangoja bamvua la Jumamosi, maji yajae kabisa nichote. Madumu matano yako mlangoni, na ami amekubali kunisaidia kubeba, mradi chai iwe tayari tukirudi.