Maswali yenu kuhusu Kivu

Wiki hii maswali mengi yaliyoletwa yanahusu mashariki ya Kongo. Nimechagua manne.

"Walinda amani wako Kongo tangu mimi mtoto. Mbona watu bado wanauawa mbele ya macho yao?" Msomaji, Mbeya

Una haki ya kuuliza, na watu wa Kivu wanaliuliza kwa uchungu kutuzidi. Kikosi hicho cha Umoja wa Mataifa kilianza mwaka 1999 kwa jina la MONUC, kikawa MONUSCO mwaka 2010, na kimepewa jukumu la kuwalinda raia. Novemba 2008, watu wasiopungua 150 waliuawa Kiwanja, wilayani Rutshuru, mwendo wa chini ya kilomita moja kutoka kambi ya askari hao. Hakuna aliyewazuia wauaji.

Lakini ipo mara moja ulimwengu ulifanya sawasawa. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, Kivu Kaskazini, Novemba 2012. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaunda brigedi yenye ruhusa ya kushambulia, ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kufikia Novemba mwaka huo, M23 walikuwa wameshindwa. Tunapenda kuwasifu vijana wetu, na wanastahili, ila tunasahau kwamba Marekani, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zimeshazuia sehemu ya misaada kwa Rwanda, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kusema inawasaidia waasi. Rwanda ilikanusha. Mbano wa fedha ulitangulia, bunduki zikafuata.

Mwaka 2025 mambo yakaenda kinyume. Goma ilianguka tena mikononi mwa M23 Januari. Vikwazo dhidi ya wakubwa wa Rwanda na M23 vikaja Februari na Machi, watu wameshazikwa. Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa, na linanikera hadi leo.

Tena, ulinzi si lazima uwe vita. Bulengo na Lushagala, pembeni ya Goma, wakimbizi walilala kwenye vibanda vya turubai juu ya mawe makali ya volkano. Kuni hazikuwapo. Mama alitoka alfajiri na panga na kamba, akaingia mbuga ya Virunga, na wengi walibakwa humo na wenye silaha. Doria ya asubuhi kwenye njia ile ya kuni ingewafaa kuliko msafara wa magari meupe ya Umoja wa Mataifa barabara kuu.

"Azimio la Baraza la Usalama lilisaidia nini?" Msomaji, Nairobi

Azimio namba 2773 lilipita tarehe 21 Februari 2025 kwa kura zote 15. Liliwataka M23 waondoke Goma na Bukavu, na jeshi la Rwanda liache kuwasaidia na litoke Kongo. M23 hawakutoka. Desemba, siku chache baada ya Marais Tshisekedi na Kagame kutia saini mkataba wa amani Washington, waliingia hata mji wa Uvira. Azimio lisilo na wa kulitekeleza humfikia mwanakijiji kama habari ya redioni tu. Hata hivyo lilitaja jeshi la Rwanda kwa jina, na wanaodai vikwazo wana pa kushika.

"Wakubwa wa vita huwa wanafungwa kweli?" Msomaji, Bujumbura

Wachache. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague, ilimfunga Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, miaka 14, na Bosco Ntaganda miaka 30. Ntaganda alikuwa mkubwa ndani ya M23, lakini alihukumiwa kwa ukatili wa Ituri, kaskazini ya Kivu, wa mwaka 2002 na 2003. Waliopigwa Kivu bado wanangoja zamu yao.

"Wifi yangu yuko Goma na watoto watatu, benki zimefungwa. Nimsaidieje?" Msomaji, Kigoma

Pole sana, dada. Benki zilifungwa mji ulipotekwa, kwa hiyo watu wanategemea pesa za simu, na noti zenyewe ni adimu. Kabla ya kutuma, mwambie aulize ni wakala yupi ana fedha taslimu siku hiyo. Tuma kidogo kidogo, maana kutembea na hela nyingi ni hatari. Na ukimpigia, usimuulize habari za askari, hujui nani anasikiliza. Muulize watoto wamekula nini, maji wanachota wapi, na kama mdogo hana homa.