Wadogo zangu, acheni kuupaka silikoni mlango wa kombi

Jana mchana nimemkuta kijana wangu amechuchumaa pembeni ya kombi, tyubu ya silikoni mkononi, ulimi umetoka kidogo kwa umakini, anaziba chini ya mlango wa dereva, mstari umenyooka utadhani kapigia rula. Nikamuuliza unafanya nini, akaniambia kwa furaha kabisa, "Fundi, maji hayaingii tena humu." Nikamwambia weka chini hiyo kitu, kaa hapa tuongee. Tumeongea nusu saa. Naandika yale niliyomwambia pamoja na yale niliyoyasahau, maana huyu ni wa tatu mwaka huu kwa kosa lilelile, na wote watatu ni vijana wenye mikono mizuri sana, ndo maana inaniuma.

Naongelea kombi za zamani, zile zenye kitanda na jiko nyuma, na hasa milango yake miwili ya mbele. Volkswagen za kioo cha mbele kimoja, Ujerumani walizitoa kuanzia 1967 mpaka 1979 (Brazil wao wakaendelea mpaka 2013), kwa hiyo ukikuta raba ya kiwandani, ule mpira wa kuzuia maji mlangoni, kwenye kombi ya Ujerumani, mpe heshima yake kwanza, inawezekana inakuzidi umri wewe na mimi wote. Zile zilizotangulia, za kioo cha mbele vipande viwili, 1950 mpaka 1967, kioo cha mlango wa mbele hakizungushwi, kinasukumwa pembeni, hizo ziwekeni kando leo.

1. Jua maji yanapita wapi kabla hujashika bisibisi. Mpira wa maji anzia chini panda juu polepole, mwenzako akae ndani na tochi, maana ukianzia juu kila kitu kinalowa na hujajua lolote. Halafu bana karatasi kwenye mlango, funga, vuta: ikitoka bila kukwama basi raba hapo haishiki. Ila raba kutoshika haimaanishi raba mbovu! Kuna kijana aliwahi kubadilisha raba mbili mfululizo na mlango bado unavuja palepale, kumbe mlango umelala, watu wameuegemea miaka na miaka wakipanda na kushuka mpaka bawaba zimeshuka. Tulipourekebisha kwenye bawaba ukakaa sawa, tukaiokota ile raba ya kwanza aliyoitupa, tukaiosha, tukairudisha, pakakauka. Bawaba kwanza jamani, raba baadae.

2. Piga picha kila hatua, skrubu za kila mlango mfuko wake. Handeli ya kuzungushia kioo kuna za skrubu iliyojificha chini ya kifuniko cha plastiki, kuna za pini, kuna za klipu, angalia ni ipi kabla hujachokonoa.

3. Maji YANARUHUSIWA kuingia ndani ya mlango. Hapa ndo niliposimama na kijana wangu na hapa ndo nataka tukae.

Raba ya nje ya kufuta kioo kazi yake ni kupunguza maji, si kuyazuia. Mengine yanateremka na kioo, yanaingia tumboni mwa mlango, yanafika chini na kutoka kwenye matundu yaliyoachwa makusudi pale ukingo wa chini. Aliyebuni mlango alijua maji yataingia akayapa njia ya kutokea. Kinachowalinda waliokaa ndani ni ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli, yaani ule ubao unaofunika mlango kwa ndani, ile mnayoichana mkidhani ni mabaki ya kiwandani.

Najua mnaichana sababu na mimi niliichana. Nilikuwa mwaka wa pili kwenye kazi, akaja mzee mmoja na mkewe, kombi yao wamesafiri nayo tangu watoto wao wadogo, milango yote miwili ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, bati zima, ukiigonga na kidole inalia vizuri, hamna sehemu imejazwa. Shida yao ilikuwa ndogo tu, mvua ikinyesha mama analowa miguu upande wake. Nikafungua paneli, nikakuta nailoni imekakamaa na kupasuka vipande vipande. Hiyo ndo ilikuwa shida yote, wadogo zangu, yote, ilikuwa imekaa mbele ya macho yangu na mimi nikaitoa nikaitupa nikaendelea kutafuta ugonjwa. Nikainama nikaona mwanga unapita kwenye matundu ya chini, nikasema ahaa, maji yanarukia hapa kutoka barabarani. Nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, nikaziba tundu moja baada ya jingine kwa silikoni ile ya kunuka siki, nikapanda juu nikaziba na kati ya raba ya nje na bati, nikafunga paneli bila nailoni. Nikamwagia maji dakika tano, ndani pakavu. Mama akanishika mkono kunishukuru, na mimi nililala vizuri sana usiku ule.

Lile jaribio la dakika tano lilinidanganya. Pakavu kwa sababu maji yalikuwa yanajaa mlangoni, hayajafika kimo cha kumwagikia ndani bado.

Wakaiegesha miezi kadhaa, mvua ikanyesha yake yote. Waliporudi mzee alifungua mlango tukasikia wote, kama mtu anatikisa mtungi. Nikachukua msumari nikatoboa silikoni yangu, yakatoka maji rangi ya chai ya rangi, yakatoka, yakatoka. Nikaminya ukingo wa chini na dole gumba ili nijue hali, dole likapita. Sijasukuma kwa nguvu, limepita tu kama unaminya papai. Siku ile ndo nilielewa ile harufu ya siki si harufu tu, ile silikoni ikiwa inakauka inatoa asidi ya siki yenyewe, na mimi nilikuwa nimeipaka juu ya bati tupu nililolisugua kwa mikono yangu, halafu nikalifungia na maji. Ningetaka kuliozesha kusudi nisingepata njia nzuri zaidi ya ile.

Mzee alikaa kimya. Mama ndo aliniuliza, "Mwanangu, mlango wetu utarudi kama ulivyokuwa?" Nikashindwa kumjibu. Fundi bodi alikata chini yote, akaunga bati jipya, gharama nilibeba mimi, na rangi ilikaribia lakini haikufanana, jua likiwa pembeni unaona mstari. Ile kombi mpaka leo ikipita naangalia mlango wa kushoto kabla sijaangalia waliomo ndani.

Kwa hiyo: matundu yafunguliwe kwa waya laini, kutu isuguliwe, praima (rangi ya kwanza ya kukinga bati), kisha nta ya kuzuia kutu tumboni mwa mlango, na ukishapiga nta RUDIA kupitisha waya sababu nta nayo inaziba. Nailoni mpya nzima, ibandikwe pembeni zote, na ncha yake ya chini iingizwe ndani ya mlango ili tone likiteremka lirudi tumboni. Ncha ikiachwa nje, maji yanaenda kwenye paneli na miguu ya mama wa watu inalowa tena. Ziko silikoni zisizonuka siki ambazo haziumi bati, sawa, ila nazo matunduni hazina kazi.

4. Kioo cha mlango kimeimarishwa kwa moto, hakikatwi, hakitobolewi, hakisagwi ukingo. Unaweza kukigonga katikati kikavumilia, ukikidondosha kwa pembe kwenye sakafu ya saruji kinakuwa punje zote kwa mpigo mmoja. Kiwekee blanketi chini kabla hujakitoa, sio baada. Na ile reli ya chini inayokibeba, kabla hujaivua bandika tepu kwenye kioo pande mbili na uweke alama inapoanzia na inapoishia, maana ukiirudisha pembeni hata kidogo kioo kinapanda kimeinama na utaanza kulaumu winda, ile mashine ya kupandisha kioo, ambayo haina kosa.

5. Felti mpya, ule mfereji wa kitambaa na raba ambamo kioo kinateleza, inabana, ni kawaida. Msiweke grisi wala oili, raba ikikutana na mafuta ya jamii ya petroli inavimba na kulegea, wekeni ile silikoni ya kupuliza. Ndiyo, silikoni, ya kupuliza inateleza na ya tyubu inaziba, ni vitu viwili tofauti, jana nimeulizwa hili mara tatu na sijakasirika. Zungusha kioo taratibu mara kadhaa, ukisikia kinang'ang'ania rudi chini, usikilazimishe.

6. Kwota, kile kioo kidogo cha pembetatu cha mbele, ndo kinachowapotezea uvumilivu. Raba ya kulia haiingii kushoto, hata ukiivuta. Maji ya sabuni, vidole, na kuanzia kwenye kona, kona ikikaa nyingine zinafuata zenyewe. Kuna mtoto mmoja nilimkuta analivuta raba la kushoto kwenye fremu ya kulia huku analiongelesha kwa upole kama ng'ombe aliyegoma, nikamwacha dakika moja nzima sababu upole wake ulinipendeza, kisha nikampa la kulia. Kwota isipobaki wazi gari likitembea, kaza nati yenye springi kule chini, usiiwekee kipande cha karatasi.

7. Raba kubwa ya kuzunguka mlango: kiungio kiwe chini, sio juu, ili hata kikiachia siku moja maji yasipate njia. Mlango utakuwa mgumu kufunga wiki za mwanzo. Usiikate, usiichonge, mwambie mwenye gari auache umefungwa, raba itajilaza.

Basi leo asubuhi yule kijana ametoa silikoni yake yote, kwa kikwanguo cha plastiki, bila kukwaruza rangi, nimekagua mwenyewe. Tumemwagia ndoo moja juu ya kioo tukachuchumaa wote wawili kuangalia chini. Matundu ya mlango wa dereva yametoa maji yote. Mlango wa abiria tundu la nyuma linatoa tone moja moja tu, kuna kitu kimekwama ndani, kesho anauanza huo na nimemwambia waya upo kwenye droo ya pili.