Maswali na majibu: Unga wa mbao na gundi hautengenezi meza

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimemaliza meza ya chakula ya mahogani. Mbao nilizinunua Ndeeba, Kampala, mwezi wa nne. Mguu unapokutana na fremu pana mwanya wa kama milimita 2, na ubao wa juu umeanza kupasuka kichwani. Rafiki yangu ananiambia nichanganye unga wa mbao na gundi nyeupe, nizibe, nipige msasa, vanishi itaficha. Nichanganye kwa kipimo gani? Mwenye meza anakuja Jumamosi. (Msomaji, Mbale)

JIBU: Kipimo sikupi, ndugu yangu. Swali hili huletwa kwangu karibu kila wiki, na kila mara mtu anauliza kipimo cha kuzibia, haulizi mwanya umetoka wapi.

Hiyo "vanishi itaficha" ni uongo. Gundi nyeupe ikikauka huziba vinyweleo vya mbao, vanishi ikapita juu bila kuingia. Panabaki doa, na kwa kuwa gundi imepakaa hadi pembeni, doa linakuwa pana kuliko mwanya wenyewe.

Mguu kwanza. Utikise. Ukiwa imara, ulimi (ncha iliyochongwa iingie kwenye tundu na kuunga mguu na fremu) umekaza kwenye tundu lake na kosa ni la sura tu. Chukua mabaki ya mbao ileile, chonga kipande chembamba chenye umbo la kabari, nyuzi zake zisimame wima kama za mguu ili kionekane ni sehemu ya mguu. Paka gundi, kigonge polepole mpaka sauti ya nyundo ibadilike, kiache mpaka kesho, halafu kata kilichozidi kwa patasi kali. Patasi butu itakinyofoa.

Mguu ukicheza, fungua maungio. Gundi nyeupe hushika pale mbao mbili zinapogusana, yenyewe ikiwa nyembamba katikati. Ukiijaza kwenye pengo, hata uichanganye na nini, haina nguvu. Bandika vipande vyembamba kwenye mashavu ya ulimi, yaani pande zake bapa, uchonge upya hadi uingie kwa kubana.

Ufa wa juu ndio unaonisikitisha. Ulinunua mbao wakati wa mvua, pengine zimesimamishwa nje kando ya barabara, ukazifanyia kazi zikiwa bado na maji. Mbao husinyaa kwa upana. Kwa urefu karibu haisogei. Ubao wa juu wenye upana wa sentimita 90, unyevu ukishuka kutoka asilimia 20 hadi 12, unaweza kupungua sentimita 1 na zaidi. Kama umeukaza kwa skrubu pande zote, hauna pa kusogea, unapasuka. Ziba leo: mvua zikirudi ubao utavimba na kukitema ulichozibia, jua likirudi ufa utafunguka pembeni yake.

Legeza skrubu, yarefushe matundu yake kwenye fremu kufuata upana wa meza, uache ubao utulie. Ufa ukishaacha kurefuka ndipo uuzibe kwa kipande cha mbao ileile kinachofuata nyuzi. Jumamosi haitoshi. Mpigie mwenye meza leo umwambie hivyo.

Majuzi niliwekewa kiti karakanani, kimepigwa vanishi kinang'aa. Nilikwaruza ungio la mguu wa nyuma kwa ukucha, unga wa kahawia ukamwagika kama ukoko wa ugali, na ulimi ndani ulikuwa mfupi kuliko kidole gumba. Mama mwenye kiti alilipia bei ya mahogani, akaanguka nacho. Aliyekitengeneza anajiita fundi na ana vijana anaowafundisha hivyohivyo. Hao ndio wanaoeneza habari ya unga na gundi.

Mbao iliyokauka hujulikana bila mashine. Kata kipande, kipeleke dukani kwenye mizani, andika uzito, rudi baada ya wiki. Kikiendelea kupungua, usikiguse kwa gundi. Na anayenunua fanicha asiangalie juu peke yake: aipindue meza, atazame bega la kila mguu, pale unapokutana na fremu, kwa ndani, mahali ambapo hawa wa njia za mkato hawahangaiki kupaka vanishi.