Muulize Bwana Mifugo: Dragoni wa mwanangu hali, kutwa kafumba macho

SWALI: Bwana Mifugo habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu wa miaka 11 kanisumbua mwaka mzima anataka mjusi wa ndevu, wenyewe shuleni wanamwita dragoni, mwisho baba yake akakubali siku ya bethidei. Dukani wakatuuzia tanki la glasi la galoni 20, ka-taa kadogo ka kujiviringisha wakasema ndo ka UVB (miale fulani ya jua isiyoonekana kwa macho), balbu nyekundu ya usiku, mfuko wa mchanga wakasema una kalsiamu, na jiwe la umeme la kupasha joto. Mjusi mwenyewe mdogo hata kiganja hajazi. Sasa wiki imeisha hali kitu, ukimwekea nyenje anawatazama tu, kutwa kafumba macho, rangi imekuwa nyeusinyeusi, na akituona ananyanyua mkono mmoja kama anatupungia. Kijana analia. Mama mkwe ndo kabisaa, anasema hicho ni kinyonga na kinyonga ndani ya nyumba ni mkosi. Na kitinda mimba wetu ana mwaka mmoja, anatambaa kila kona. Nimrudishe au kuna namna?

JIBU: Dada yangu kwanza mtulize bibi, huyo si kinyonga, ni mjusi wa aina nyingine ingawa wana undugu. Kwao ni katikati ya Australia kule bara kwenye ukame, anashinda juu ya magogo na mawe anaota jua. Australia yenyewe hairuhusu biashara ya kuwatoa nje wanyama wake wa porini kwa hiyo hao wa madukani Marekani wote ni wa kuzalishwa huko huko, vizazi na vizazi, ila mwili bado ni ule ule wa jangwani, unataka jua kali. Na hapo ndipo tatizo lako lilipo. Wewe unawaza chakula, mimi nimesoma barua yako nikaona taa.

Mjusi hana joto lake la ndani kama sisi. Akiwa wa baridi tumbo halifanyi kazi, hata ukimjazia nyenje wote wa Ohio hatakula, na akila chakula kitamkaa tu tumboni. Kule kuwa mweusi mara nyingi ni kwamba anajaribu kunyonya joto, rangi nyeusi inanyonya zaidi, au ana stresi, na kwa huyu wako nadhani ni vyote viwili. Kile cha kupunga mkono wengi wanakiona kizuri wanakirekodi, ila ni dogo anasema "mkubwa nimekubali, usinidhuru". Mpunguzieni watu. Wiki mbili za kwanza asishikwe-shikwe, ukuta wa nyuma na pembeni wa tanki ubandikeni karatasi, maana kuna wengine wanajiona kwenye glasi wanadhani kuna mwenzake.

Sasa joto. Upande mmoja wa tanki uwe na sehemu ya kuotea, jiwe bapa au gogo, na juu ya hilo jiwe pale anapolala ipimwe nyuzi 40 mpaka 42 za Selsiasi, kwa vipimo vyenu ni kama 104 mpaka 108. Upande wa pili uwe wa baridi, 24 mpaka 29 hivi, ili akishiba joto akimbie. Tanki la galoni 20 ni fupi mno kupata hizo pande mbili, lote linakuwa moto au lote linakuwa vuguvugu, kwa hiyo hilo lichukulie ni la muda tu. Huyu mnyama ndani ya mwaka mmoja anakaribia ukubwa wake wote, sentimita 45 mpaka 60 mkia ukiwemo, na atataka nyumba ya urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Ushauri wangu nunueni hiyo sasa hivi, kuna wanaosema mtoto atapotea kwenye nyumba kubwa, si kweli, ukimwekea vificho na matawi ya kutosha anatulia, na mnaokoa hela ya kununua mara mbili.

Balbu ya joto wala usihangaike na zile zenye picha ya mjusi kwenye boksi. Halojeni ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya flood yenye mwanga mweupe, inatosha, anza na wati 50 au 75, iweke kwenye soketi ya kauri isiyoyeyuka halafu pima. Na kupima siyo kwa kile kisahani cha kubandika kwenye kioo, kinakudanganya, tafuta bunduki ya kupimia joto ile wanayotumia mafundi na wapishi. Ile ya kupimia homa mliyobaki nayo tangu enzi za korona haifai, imetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu. Moto ukizidi nyanyua balbu juu au weka dima, ile swichi ya kupunguza nguvu ya taa.

Jiwe la umeme litoe leo. Hawa ngozi ya tumbo haiwashtui haraka, analala pale mpaka anaungua. Na balbu nyekundu pia, usiku giza liwe giza. Nyumba yenu kama inabaki nyuzi 18 na kwenda juu, 65 zenu, analala vizuri tu, kwao jangwani usiku kuna baridi. Ikishuka chini ya hapo ndo mnaweka hita ya kauri isiyotoa mwanga, ikiwa na themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto.

Halafu sasa UVB, na hapa naomba baba yake naye asome maana ndo yenye gharama. Mjusi akipigwa na miale hiyo ngozi yake inatengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula inapita tu haiingii kwenye mifupa. Mtoto anayekua kwa kasi hivi asipoipata mwili unaanza kuchukua kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, taya linalainika, miguu inatetemeka, mgongo unapinda, na ukishapinda haunyooki tena. Wengi sana wanaharibika kwa hili na siyo njaa wala ugonjwa wa kuambukiza. Ile ya kujiviringisha mliyouziwa inamulika kieneo kidogo tu, haimfikishii. Mnachotaka ni tyubu ndefu ya T5 HO, yaani nyembamba yenye nguvu kubwa, chapa ya Arcadia ya asilimia 12 au ReptiSun 10.0, ndefu kiasi cha kufunika nusu mpaka theluthi mbili ya nyumba, ikae upande ule ule wa joto ili akiota apate vyote kwa pamoja kama anavyopata kwenye jua. Umbali soma kwenye boksi lake maana wavu wa juu unapunguza nguvu sana, ikiwa imelazwa juu ya wavu mjusi anatakiwa awe karibu zaidi kuliko ikiwa imefungwa ndani. Iwake saa 12 mpaka 14 kwa siku, nunueni taima mtoto asiwe anasahau, na kila mwaka ibadilishwe hata kama bado inawaka, mwanga unaouona wewe unabaki ila UVB inakuwa imeshachoka. Taa na kishikio chake vinaweza kuzidi bei ya mjusi mwenyewe, ndiyo. Na dirishani hapana, glasi inazuia UVB, jua la dirishani ni mwanga tu.

Mchanga utoe wote. Hata huo wa kalsiamu, tena huo unawashawishi waulambe, na tumbo dogo kama hilo linaziba. Weka karatasi za jikoni au magazeti, unaona kinyesi kirahisi, unatoa unaweka nyingine. Baadaye akikua weka vigae, tena vinasaidia kusaga kucha.

Chakula. Akishapata joto sawasawa nategemea ndani ya siku chache ataanza kula. Mtoto kama huyu chakula chake kikubwa ni wadudu, mara mbili mpaka tatu kwa siku, ale anachoweza kwa dakika kama kumi hivi halafu waliobaki watoe, nyenje wakiachwa usiku wanamng'ata yeye. Mdudu asizidi nafasi iliyopo kati ya macho yake mawili, hiyo ndo rula yako. Muanze asubuhi taa ikiwa imewaka kama saa nzima, na mlo wa mwisho uwe masaa mawili matatu kabla ya kuzima taa. Wadudu wenyewe walishwe vizuri karoti na majani siku moja kabla, kisha uwatikise kwenye unga wa kalsiamu kila siku, na vitamini mchanganyiko mara moja au mbili kwa wiki. Kuna mende wa Dubia nao ni wazuri kuliko nyenje, hawanuki hawapigi kelele, najua kununua mende kwa dola mama mkwe atapata la kusimulia, ila mkihamia Florida mjue huko ni marufuku. Wapo na wale funza wa nzi mweusi (black soldier fly) wanaofugwa siku hizi Kenya na Tanzania kulishia kuku, wana kalsiamu nyingi, mijusi wanawapenda. Wa porini msiokote, na kimulimuli ndo usithubutu, mmoja tu anaweza kumuua.

Majani wekeni kila siku hata kama hagusi, yakatwe madogo. Hapa mmebahatika maana jani bora kabisa kwake ni sukuma wiki, ndo hizo hizo "collard greens" wanazouza supamaketi zenu, zina kalsiamu ya kutosha. Mchanganyie na boga kidogo. Mchicha na spinachi siyo za kila siku, zina kitu kinachoshika kalsiamu isitumike, letasi ile nyeupe ni maji tu, na parachichi ni sumu kwake. Akiwa mkubwa mnageuza, majani yanakuwa mengi wadudu kidogo, akiendelea kula kama mtoto atanenepa vibaya.

La kitinda mimba nakuambia bila kuficha. Hawa wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima kabisa, na CDC, kituo cha serikali ya huko kwenu cha kudhibiti magonjwa, haishauri reptilia kwa watoto chini ya miaka 5. Kama mnabaki naye basi akae chumba cha kaka mlango umefungwa, asitembezwe sebuleni wala jikoni, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la vyakula, na kila anayemgusa yeye au tanki aoshe mikono kwa sabuni papo hapo. Mkiona hilo hamliwezi kwa miaka mitatu minne ijayo, mtafutieni mtu mwingine mapema kabla kijana hajamzoea zaidi, maana mnyama huyu anaishi miaka 10 na zaidi.

Mkisharekebisha joto na taa na bado siku nne tano hali, au ukaona miguu inatetemeka, au taya liko laini, mpelekeni kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, wa mbwa na paka wengi hawawajui. Mbebe na kinyesi kibichi kwenye mfuko apimwe vimelea. Kwa wa madukani mimi ningepima hata akiwa anakula.

SWALI: Bro mambo, niko Leicester, wangu ana miezi mitatu yuko fresh anakula vizuri ila anaonekana mpweke, nataka nimletee mwenzake wakae pamoja. Vipi?

JIBU: Usilete. Hawa siyo kuku, porini kila mmoja na eneo lake. Utawaona wamelaliana chini ya taa utasema wanapendana kumbe wa juu anamzibia wa chini jua. Huyo wa chini hakui, anapunguzwa chakula, na watoto ndo wabaya zaidi, wanakatana vidole na ncha za mikia wakidhani ni chakula. Wakiwa dume wawili watapigana, dume na jike utaamka una mayai na jike aliyechoka kwa kusumbuliwa. Upweke unauona wewe, yeye hana. Ukitaka achangamke mbadilishie mpangilio wa matawi, muache awinde wadudu mwenyewe badala ya kumwekea kwenye bakuli.

SWALI: Assalaam aleikum Bwana Mifugo. Sisi tuko Maskati, jua tunalo la kumwaga, sasa kweli na mimi ninunue taa? Si nimtoe barazani na tanki lake basi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Jua la moja kwa moja linashinda taa yoyote, hapo umesema kweli, ila na tanki lake usimtoe hata dakika kumi. Glasi ikipigwa na jua inakuwa tanuri, atakufa kabla hujamaliza kahawa, na hiyo UVB uliyoifuata nayo inazuiwa na glasi hiyo hiyo. Tumia kizimba cha wavu, nusu yake kivuli, na wewe uwepo, kunguru wa hapo Maskati unawajua. Kuanzia Novemba mpaka Machi asubuhi na alasiri ni nzuri sana kwake, nusu saa au zaidi kidogo. Kiangazi acha, hewa yenyewe inapita 40 na sakafu ya baraza ni zaidi ya hapo, mjusi wa jangwani porini saa hizo yuko kivulini. Akianza kuachama mdomo na bado anahema baada ya kuhamia kivulini mrudishe ndani.

Ndani sasa una AC inapiga siku nzima, na hapo wewe na yule dada wa Ohio hali yenu ni moja. Taa nunua. Tanki lisikae linapopulizwa na AC, na joto la pale anapootea lipime AC ikiwa imewashwa, si ikiwa imezimwa.