Kwa wadogo zangu wa Land Rover: gari la nyuma ni la nani?

Jumapili iliyopita nilikuwa narudi kutoka Bagamoyo na familia. Tulipofika Mapinga nikaona Defender 110 ya kijani pembeni ya barabara, taa za hatari zinawaka, kijana kakalia tairi la akiba kama anasubiri daladala. Nikasimama. Pancha, tairi la nyuma kulia. Jeki anayo, tairi la akiba lina upepo, mikono anayo. Spana aliyoishika ni ya 21, aliitoa kwenye Toyota yake ya zamani. Nati za Land Rover ni 27.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, uko peke yako?"

"Hapana kaka, tuko gari nne. Wenzangu wameshafika." Akanionyesha picha waliyomtumia: samaki kwenye mkaa, magari matatu yamepangwa mstari mmoja, bahari nyuma. Chini wameandika, "Wahi, wanaisha."

Tulibadilisha tairi, akashukuru, akaenda. Usiku usingizi ukanikimbia, maana kosa lile la kumwacha mwenzako nyuma nalijua kwa sura na kwa jina. Wale watatu siyo watu wabaya. Nawafahamu, wawili kati yao nimewafundisha mimi kurekebisha breki. Ila hakuna aliyewaambia, na mimi ni mmoja wa waliotakiwa kuwaambia. Basi someni.

1. Spana ya 27 na mpini wake mrefu viishi ndani ya gari. Visikae nyumbani wala kwa fundi. Nimemaliza.

2. Difu loki, ile inayofunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, ni ya matope na mchanga. Kuna dogo mmoja, nampenda sana, alitoka Bunju hadi Chalinze juu ya lami na taa ya difu loki inawaka kwenye dashibodi. Nilipomuuliza akasema, "Kaka, hiyo taa nilidhani ni urembo, nimenunua gari ikiwa inawaka." Usukani ulikuwa mzito, gari linagoma kukata kona, matairi yanalia akirudi rivasi, naye anajisifu kwamba Land Rover ni gari la wanaume. Defender 110 inavuta kwa magurudumu yote manne muda wote, hata bila loki. Ukiifunga loki kwenye lami, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa wakati kwenye kona haziwezi kwenda sawa. Kitu lazima kikatike, na hakikatiki karibu na gereji. Fungua loki ukifika barabarani, songa mita chache, hakikisha taa imezimika.

3. Kwenye mchanga shusha upepo. Dada yetu mmoja, nesi, ndiye dereva bora wa mchanga katika kundi letu zima, na siri yake yote ni geji ndogo ya upepo anayotembea nayo kwenye pochi. Anashusha hadi psi 18, anaingia taratibu, anatoka. Nyinyi mnaingia na 40 na kelele, halafu mnaomba kamba. Na kamba yenyewe ifungwe kwenye chasisi. Bampa siyo chasisi.

4. Hapa naomba mtulie, kwa sababu jambo hili sijawahi kulieleza lote mbele ya watu.

Oktoba 2024 wengi wenu mnaikumbuka. Arusha iliita Land Rover zote za nchi hii, na zikaenda. Rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover ilikuwa ya Ujerumani, magari 632, tangu mwaka 2018. Arusha yakatoka zaidi ya 1,000. Mliokuwepo mnajua ilivyokuwa: Land Rover za zamani aina ya 109, za wazee, zilizokaa miaka chini ya miembe zilifufuliwa, watu walitoka mikoani na magari yanayotoa moshi mweusi, na kila kituo cha mafuta tangu Segera kilikuwa kama harusi.

Sisi tulitoka Dar es Salaam magari 11, saa kumi alfajiri. Mimi nilipewa nafasi ya mwisho. Mnajua kazi ya gari la mwisho: hupiti mtu. Mwenzako akisimama, unasimama. Nilikuwa na boksi la spana, kamba, hozi za akiba, vibano, na dumu la maji la lita 20. Mbele yangu alikuwa kijana wa miaka kama 24 na mdogo wake wa kiume, kwenye 110 yenye injini ya 300Tdi, ya mwaka 1996. Gari la marehemu baba yao. Baba alilinunua kwenye mnada, akalitunza hadi anafariki, na kijana alikuwa amelipaka rangi kwa mkono wake, kwa brashi, mlango mmoja kila mwezi kadiri alivyopata hela.

Tukafika Mombo. Akawasha indiketa, akasimama, akaja dirishani kwangu.

"Kaka, nasikia harufu tamutamu hivi. Kama sharubati."

Nikamuuliza, "Geji ya joto inasemaje?"

"Iko katikati."

Simu yangu ikaita. Wenzetu walikuwa wamekaribia Same, wanauliza tuko wapi, nyama ya mbuzi inawekwa jikoni. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Nilishuka, nikasogea hadi kwenye gari lake, nikaingiza kichwa dirishani, nikaitazama geji. Kweli, katikati. Sikufungua boneti. Nawaambia tena, sikufungua boneti. Nilisimama hatua tatu kutoka kwenye injini ile nikiwa na maji lita 20 na hozi mpya ndani ya gari langu, nikasema, "Geji iko sawa, dogo. Twende."

Akaniamini. Aliniita kaka mkubwa, na mimi ndiye niliyemwambia kwenye kikao kwamba nyuma niko mimi, asiogope.

Wadogo zangu, harufu tamu ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayomwagika. Hakuna kitu kingine kwenye gari kinachonukia hivyo. Na geji ya joto inapima joto la maji. Sensa yake ikikosa maji ya kuigusa, ikabaki kwenye hewa, haina cha kupima. Mshale utakaa katikati au hata utashuka, huku chuma kinaungua. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ya 300Tdi ni ya aluminiamu, imekalia bloku ya chuma. Ikipata joto bila maji inajikunja, na ikijikunja gasketi inapasuka. Haya yote nilikuwa nayajua siku ile. Nilikuwa nimeshayafundisha. Yalikuwa kichwani, lakini tumbo na haraka vilikuwa mbele.

Tulipita Hedaru. Kabla ya Makanya nikaona moshi mweupe, mzito, wa mvuke. Gari likapungua mwendo, likatetemeka, likazimika. Tulipofungua boneti hapakuwa na maji hata ya kulowesha kidole. Hozi ndogo ya hita, nyuma ya injini, ilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Hozi ya bei ya chakula cha mchana. Ile ile niliyokuwa nayo.

Tungeishia hapo, lingekuwa kosa la ufundi. Makosa ya ufundi yanasameheka. Kubaya zaidi ni nilichofanya baada ya hapo.

Nilimwambia, "Kaeni hapa, nafika Same natafuta fundi, narudi." Nilimaanisha. Nikafika Same, nikakuta wenzangu wamemaliza kula. Mmoja akasema fundi wa uhakika yuko Moshi. Mwingine akasema tukirudi usiku utatukuta njiani, kesho asubuhi ndiyo msafara, tukikosa usajili tumekosa kila kitu, dogo yuko salama, barabara ni kuu, keshokutwa tutampitia. Nilikaa kimya. Kisha nikawasha gari, nikaenda Arusha.

Nilikuwa kwenye msafara ule. Nina picha yangu, nimetoa mkono dirishani, nacheka. Nimeifuta kwenye simu, lakini wenzangu wanayo.

Niliporudi, kesho yake jioni, gari halikuwepo pale nilipoliacha. Dereva wa Fuso la vitunguu alikuwa amewavuta asubuhi hadi Same bila kuwatoza hata shilingi. Usiku wote walikuwa wamelala ndani ya gari. Mama mmoja anayeuza chakula Makanya aliwapelekea uji kwenye chupa ya chai, na kijana alipotoa hela mama akaukunja mkono wake akamrudishia. Mtu asiyewahi kupanda Land Rover maishani mwake. Dereva wa Fuso na mama wa uji walifanya kazi yangu.

Nilimkuta amekaa kwenye bampa. Akaniona, akasimama, akasema, "Shikamoo kaka." Hakuongeza neno. Angenitukana ningeshukuru. Mdogo wake aligeuza uso akatazama milima ya Upare hadi nilipoondoka.

Hedi ilipelekwa kuchongwa, haikufaa, ilikuwa imejikunja kupita kiasi. Nilizunguka Ilala na Gerezani siku nne nikapata hedi iliyotumika, nzima. Nilitaka kuilipia yote. Akakataa. Nilipoenda kwao mara ya tatu, mama yake alinikaribisha ndani, akaniwekea chai, akamwita mwanawe, akasema, "Kaka yako amekuja, ongeeni." Kijana akaniambia hela yangu hataki, ila kama nataka, niende mwenyewe Same tuifunge pamoja. Tukaenda. Wikiendi mbili. Tulikaza boliti za hedi moja moja kwa mpangilio wake, yeye anasoma namba, mimi nakaza, tukiongea kuhusu injini tu. Ilipowaka alipiga dashibodi kofi mbili za taratibu. Mdogo wake akaniambia baadaye kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya baba yao kila gari likiwaka.

Gari linatembea hadi leo. Yeye ananipigia akitafuta spea, ananisalimu vizuri, anauliza hali ya watoto. Lakini hajasafiri na kundi letu tena. Nimemwalika mara saba. Kila mara anasema, "Tutaona, kaka."

5. Kwa hiyo utaratibu. Kila dereva ana jukumu na gari lililo nyuma yake, siyo la mbele. Ukiangalia kioo usilione, punguza. Ukipunguza usilione, simama. Wa mbele yako naye hakuoni, anasimama. Ndani ya dakika kumi msafara mzima umesimama na hakuna aliyepiga simu. Ndiyo njia pekee niliyoiona ikifanya kazi sehemu zisizo na mtandao. Na gari bovu kuliko yote likae mbele, liweke mwendo. Najua hamtaki. Mnataka lile lenye taa nane kwenye keria litangulie kwa sababu ya picha. Lenye taa nane linaweza kukaa popote, linaonekana tu.

6. Harufu, sauti, mtetemo: mwenzako akisema amesikia kitu, boneti inafunguliwa. Hata kama ni dereva mpya, hata kama wiki iliyopita alisikia kitu kikawa ni chupa ya maji chini ya kiti. Kizibo cha maji usikiguse injini ikiwa ya moto, subiri. Nusu saa, dakika arobaini. Pikeni chai. Mbona chai mnapika vizuri sana mkiwa ufukweni?

Na hapo niseme jambo ambalo wengi wenu hamjaligundua bado, kwa kuwa mnafikiri mmejiunga kwa ajili ya magari. Mzee wetu wa 109 huwa anakuja na vyombo vya uvuvi, na waliojifunza kuvua kwake sasa ni sita. Yule nesi anapika pilau kwenye jiko la mkaa nyuma ya gari, na nimeona wanaume wazima wakimenya vitunguu saumu bila kulalamika. Kuna kijana anapiga picha za ndege, ametufanya wote tujue kumtofautisha mwewe na tai mzoga. Mambo hayo yote tuliyapata kwenye saa za kusubiri: mtu anabadilisha hozi, sisi tumekaa chini ya mbuyu, hatuna pa kwenda. Mkimwacha mwenzenu ili mwahi, mnawahi nini hasa? Samaki wa Bagamoyo wapo kila siku.

7. Spea ya kuazimwa inarudishwa mpya. Mnaojijua mnajijua.

Jumamosi ijayo tunakwenda Lushoto. Tukutane Kibaha Maili Moja, saa kumi na moja alfajiri, matanki yamejaa, spana za 27 nitazikagua mwenyewe. Wale watatu wa Bagamoyo, nawaomba mje, na mmoja wenu atakaa nyuma pamoja na mimi ili aone kazi inavyofanywa. Dogo wa Defender ya kijani ataongoza, mwendo 70, asimpishe mtu. Na kijana wa 300Tdi nimempigia simu jana. Safari hii hakusema tutaona. Aliuliza nyuma atakaa nani.